Skonzi za Dukani

Jumanne, 1 Oktoba

Barua ya Arlene imefika leo, kama inavyofika kila tarehe mosi Oktoba, ndani ya bahasha yenye picha ya bata mzinga aliyevaa kofia. Wifi yangu anaishi mwendo wa dakika nane kutoka hapa na simu anayo, lakini kazi za Sikukuu ya Shukrani lazima zigawiwe kwa barua, kana kwamba tunaitwa mahakamani. Nimeisoma nimesimama jikoni, koti bado mwilini. Gordon: bata mzinga na mchuzi wake. Arlene mwenyewe: viazi vya kuponda na mkate wa kujazia bata. Duane: sosi ya kranberi, yale matunda madogo mekundu anayoyavuna kazini. Mabinti wa Arlene: maharage mabichi ya kuoka, viazi vitamu, na ile jeli ya kijani yenye karoti ndani, ambayo hakuna anayeipenda na hakuna anayethubutu kuifuta. Mama: pai ya boga. Marlys: skonzi (za dukani).

Hayo mabano ni yangu. Mwaka wa thelathini na sita huu, hakuna mwingine kwenye orodha mwenye mabano.

Nimemwonyesha Duane. Akasema, "Ni skonzi tu, mke wangu." Ndiyo maana nimelitoa daftari hili kwenye droo. Daftari halitaniambia ni skonzi tu.

Jumatano, 2 Oktoba

Niandike ilivyokuwa, nisije nikajidanganya.

Mimi ni mpishi wa shule. Kila siku ya Mungu nalisha watoto mia tatu na kumi na wawili, na wengine wao huombea Jumatatu ifike haraka kwa ajili ya mkate wangu wa mahindi. Lakini mwaka 1988, nikiwa mke wa miaka miwili tu kwenye ukoo wa Brekke, mama mkwe wangu Hulda, ndiye huyu Mama wa kwenye orodha, alinipa heshima ya kuoka pai ya boga jikoni kwake. Pai yake ilikuwa imeshinda zawadi kwenye maonyesho ya kilimo mara nne. Mwaka huo tulikuwa na mgeni, mchungaji mpya aliyekuja Wisconsin bila mke wala jamaa. Akapewa kipande cha kwanza. Akatafuna. Akameza. Akanywa maji glasi tatu, moja baada ya nyingine, kisha akasema ni pai ya kukumbukwa.

Ilikuwa chumvi. Vikombe viwili vya chumvi mahali pa sukari. Mimi niliapa kwamba nilichota kwenye kopo la bluu lililoandikwa SUKARI. Duane, mume wangu mwenyewe, akaenda jikoni mbele ya watu wote, akachovya kidole kwenye kopo la bluu, akarudi akasema, "Ni sukari, Marlys. Umechota kwenye kopo jeupe." Watu wakacheka mpaka machozi. Na mimi baada ya muda nikaamini kweli nilichota kwenye jeupe. Mwaka uliofuata nikapewa skonzi, za dukani, nisije nikazikanda.

Gordon, mume wa Arlene, kila mwaka tukishakaa mezani huchukua kidude cha chumvi kilicho mbele yangu, akakisogeza mbali na kusema, "Samahani shemeji, usalama kwanza." Kila mwaka wanacheka. Na mimi nacheka.

Jumapili, 6 Oktoba

Tumekwenda kwa Mama baada ya kanisa. Ana miaka themanini na tisa na akili yake ni wembe, lakini mikono imemkatalia. Alikuwa anajaribu kusukuma unga wa biskuti, na fimbo ya kusukumia ikamponyoka ikaviringika mpaka chini ya meza. Nikainama kuiokota. Nilipoinuka alikuwa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Mwaka huu sitaweza pai," akasema.

Sikuomba chochote. Namshukuru Mungu kwamba sikuomba, kwa sababu mdomo ulikuwa tayari wazi.

"Njoo Jumapili," akasema. "Kila Jumapili. Nitakufundisha, utaipika wewe."

"Na Arlene?"

"Arlene nilimzaa mimi."

Nimeendesha gari kurudi nyumbani nikiimba. Duane akauliza nina nini. Nikamwambia sina kitu.

Jumanne, 8 Oktoba

Arlene amepiga simu. Nilijua tu.

"Wifi, usinielewe vibaya," akaanza, na mtu akianza hivyo wewe tafuta kiti ukae. "Mama ameniambia. Sina neno. Ila unajua watu watasema."

"Watu gani? Tuko kumi na wanne, na wote ni sisi."

"Hao hao."

"Arlene, nina miaka sitini na miwili."

"Tufanye hivi," akasema. "Mapema Novemba nitakuja kwa Mama, nionje. Ikiwa sawa, sawa. Isipokuwa sawa, nitanunua, na mwenye kisirani awe mimi. Umeridhika?"

Nimesema nimeridhika. Nimekata simu nikasugua sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mvua. Duane amerudi kutoka mashamba ya kranberi, ambayo hujazwa maji wakati wa kuvuna, amelowa hadi kiunoni, na zile suruali ndefu za mpira zilikuwa zimetoboka. Kranberi zimeiva vizuri, anasema.

Jumapili, 13 Oktoba

Somo la kwanza. Mama anakaa kwenye kiti cha juu karibu na jiko, kazi yake ni kunena, na yangu ni kutenda. Boga litoke kwenye ghala lake la chini ya nyumba, si la kopo. Mafuta ya nguruwe yawe ya baridi kabisa. Unga usiguswe sana, "uuguse kama mtoto wa jirani." Mdalasini, tangawizi, karafuu mbili tu za kutwanga, na kungumanga.

Lakini kabla ya yote hayo alifanya jambo lililonichoma. Nilipolifungua kopo la sukari, lile lile la bluu, aliunyoosha mkono, akachovya kidole, akaonja. Akaniambia endelea.

Kwa hiyo hivyo ndivyo ilivyo. Atanifundisha, lakini kwanza ahakikishe sitawatia chumvi.

Pai ikatoka na ukoko mgumu kama soli ya kiatu. Mama akatafuna. "Bado," akasema.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo shuleni tambi. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 20 Oktoba

Pai ya pili. Ukoko mzuri, katikati maji maji. "Bado."

Ameonja sukari tena. Kidole kwenye kopo, kidole mdomoni, na macho dirishani kana kwamba anaangalia ndege. Nilitaka kumwambia, Mama, hata mimi najua tofauti ya sukari na chumvi. Nikaumeza ulimi wangu. Ni mzee, na ni jikoni kwake.

Jumatatu, 21 Oktoba

Baridi ya kwanza kali. Duane na wenzake wamewasha vinyunyizio vya maji kuokoa kranberi zilizobaki zisiungue kwa baridi. Amelala kwenye kochi na kofia kichwani, nikamwacha.

Jumapili, 27 Oktoba

Ya tatu. Karafuu zilizidi. Mama anasema pai ilikuwa na harufu ya kwa daktari wa meno, kisha akala kipande chote na kuomba kingine, kwa hiyo nimejua kwamba tunakaribia.

Kidole kwenye kopo, kama kawaida. Nimeanza kuona kwamba anapofanya hivyo mkono unamtetemeka zaidi. Nikamwonea huruma, halafu nikajikasirikia kwa kumwonea huruma mtu anayenidharau mbele ya macho yangu.

Lakini niseme ukweli: nazipenda Jumapili hizi. Tunazungumza. Miaka yote hii tulikuwa tunapeana habari tu, fulani kazaa, fulani kafa. Sasa ananiambia jinsi baba mkwe Palmer alivyomchumbia kwa kumletea sungura aliyechunwa, na jinsi alivyokuwa anamwogopa mama mkwe wake mwenyewe hata akawa anaficha vyombo alivyovunja. Tukacheka kweli kweli.

Jumapili, 3 Novemba

Siku ya hukumu. Arlene alikuja na uma wake mwenyewe kwenye mkoba. Akaketi, akala kipande polepole mpaka mwisho, akafuta midomo. Mama alikuwa ameushika ukingo wa meza.

"Sawa," Arlene akasema. "Ilete."

Ningemkumbatia kama asingeendelea.

"Ila nitanunua moja ya dukani pia. Ya akiba."

"Akiba ya nini?"

"Wifi. Ya akiba."

Nilimsindikiza mpaka kwenye gari nikiwa nimefura. Nikamwambia hapo hapo, bila kupindisha maneno, kwamba miaka thelathini na sita ya skonzi za dukani ni adhabu ndefu kuliko ya mwizi wa benki, na kwamba yeye ndiye aliyeitoa.

Arlene akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi? Orodha ile si yangu. Ya kwanza aliandika Mama, ile ya mwaka uliofuata baada ya mambo yale. Aliponikabidhi sherehe akanipa na karatasi. Mimi nanakili tu kila mwaka. Hata hayo mabano ni ya Mama."

Akawasha gari akaondoka. Nimesimama barazani mpaka masikio yakafa ganzi. Miaka yote hii nilimwona Arlene kama askari. Kumbe ni karani.

Jumatano, 6 Novemba

Nimelala vibaya kwa ajili ya mabano.

Jumapili, 10 Novemba

Theluji ya kwanza. Duane alinishusha kwa Mama akaenda kwa Gordon kusafisha bunduki, maana msimu wa kuwinda paa unafunguliwa baada ya wiki mbili na hao wawili sasa hawazungumzi kitu kingine.

Nilifunga aproni, nikatoa kopo la bluu, nikaliweka mezani. Mkono wa Mama ukaja. Na mimi, sijui nini kilinipata, nikalifunika kopo kwa kiganja changu.

"Mama," nikasema, "nina miaka sitini na miwili. Nalisha watoto mia tatu. Ukitaka nipike, nipike. Ukinionjea sukari kila Jumapili kama mtoto mdogo, mimi nitavua aproni hii niende nyumbani."

Akaurudisha mkono.

"Unafikiri naonja kwa sababu yako," akasema.

"Kwa sababu ya nani mwingine?"

"Kaa chini, Marlys."

Sikukaa.

"Ulichota kwenye kopo la bluu," akasema. "Hukukosea. Chumvi ilikuwa ndani ya kopo la bluu. Niliitia mimi."

Hapo nikakaa.

Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kadiri ninavyokumbuka. Alisema wiki ile ya mwaka 1988 Palmer alikuwa ametoka hospitali, moyo wake umepasuliwa na kushonwa, na yeye kichwa chake hakikuwa chake. Alikuwa anatia kabichi kwenye mtungi kwa chumvi ili ichache. Alinunua mfuko mkubwa wa chumvi, akaona kopo la bluu tupu, akamimina iliyobaki humo, akasahau. Hakukumbuka mpaka mchungaji alipoinua glasi ya tatu.

"Nilikwenda jikoni kabla ya Duane," akasema. "Nikaonja. Nikamwaga ile chumvi kwenye sinki, nikatia sukari kutoka kwenye mfuko wa kabatini. Duane alipoingia nilikuwa nakausha vikombe. Nikamwona anachovya kidole. Nikanyamaza."

"Kwa nini?"

Hakujitetea. Hilo namkubalia. "Mchungaji mgeni alikuwa mezani," akasema. "Mimi ndiye mwenye zawadi nne za maonyesho, mkuu wa akina mama wa kanisa. Wewe ulikuwa msichana. Nikasema, huyu ni kijana, watacheka, atasahau. Niliona afadhali wakucheke wewe."

"Sikusahau."

"Najua. Mwaka uliofuata nilitaka kusema. Gordon akasogeza chumvi, watu wakacheka, na wewe ukacheka, nami nikanywa maji. Mwaka wa tatu ikawa vigumu zaidi. Ukifika mwaka wa kumi mtu anasemaje?"

Nikamwuliza kuhusu skonzi. Mbona skonzi? Mbona za dukani, hata unga nisiukande?

"Kwa sababu kila nilipokuona umeshika bakuli niliona lile kopo," akasema. "Nilitaka uwe mbali na jiko siku ile moja tu. Kwa ajili yangu, si kwako. Tangu hapo sijapika kitu chochote bila kuonja kopo. Hata nikiwa peke yangu."

Pai haikupikwa. Nilivua aproni nikaikunja vizuri, nikaiweka mezani. Sikumwambia neno baya. Nilimpigia Duane aje anichukue, nikamsubiri nje kwenye theluji ingawa Mama aliniita niingie ndani mara mbili.

Nina hasira kiasi kwamba kalamu inatoboa karatasi. Si kwa ajili ya chumvi. Ni kwa sababu alinifanya nisijiamini. Miaka mingi nikipima sukari shuleni nilikuwa naonja mara mbili, mara tatu, nikijiambia, Marlys, wewe si mtu wa kuaminiwa. Sote wawili tumekuwa tunaonja makopo, yeye kwake na mimi kwangu, na mmoja tu ndiye aliyejua kwa nini.

Jumatatu, 11 Novemba

Sijamwambia Duane.

Jumanne, 12 Novemba

Bado sijamwambia.

Alhamisi, 14 Novemba

Theluji imeyeyuka, imebaki matope. Arlene amepiga simu kuuliza nitaleta pai moja au mbili. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Mama yako, ningesema. Ningemaliza kila kitu kwa pumzi moja. Nikasema mbili.

Mama aliniambia wakati natoka, "Waambie ukitaka. Ni haki yako." Hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Kanibebesha na uamuzi.

Jumapili, 17 Novemba

Sikwenda. Nilimwambia Duane kichwa kinauma. Alikwenda peke yake kumpelekea Mama kuni, akarudi akasema, "Mama ameweka fimbo ya kusukumia mezani, na unga. Nikamwuliza za nini, akasema hazina maana."

Nimepiga pasi mashuka. Nani hupiga pasi mashuka?

Alhamisi, 21 Novemba

Leo ndio mlo wa Shukrani shuleni. Nimeoka sinia ishirini za pai ya boga kwa maelekezo ya Mama, karafuu mbili, kungumanga, kila kitu. Watoto mia tatu na kumi na wawili wamekula, na hakuna aliyekunywa glasi tatu za maji. Mtoto mmoja wa darasa la pili akaniuliza nani alinifundisha. Nikajibu kabla sijafikiri, "Mama mkwe wangu." Nikaenda stoo kuhesabu makopo ambayo hayahitaji kuhesabiwa.

Jumamosi, 23 Novemba

Msimu wa paa umefunguliwa. Wanaume wote wamevaa rangi ya chungwa, wasije wakapigana risasi, na kuondoka kabla ya kifungua kinywa. Mji umebaki wa wanawake na mbwa.

Mama kapiga simu. "Boga nimelichemsha," akasema. "Limepoa. Nimemwomba binti ya Arlene alikate, mimi sikuweza." Akasubiri. Nami nikasubiri. "Basi," akasema. "Lipo hapa tu."

Ana miaka themanini na tisa. Kama angenyamaza, angezikwa na zawadi zake nne na mimi ningeendelea kununua skonzi, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Hakuna aliyembana. Alinifungulia mwenyewe. Nimelifikiria hilo siku nzima nikikoroga supu.

Jumapili, 24 Novemba

Nimekwenda.

Hatukusalimiana kwa maneno mengi. Aproni ilikuwa pale pale mezani nilipoikunja. Nikaivaa. Nikalitoa kopo la bluu, nikalifungua, na kabla mkono wake haujafika nikachovya kidole changu, nikaonja.

"Sukari," nikamwambia.

Mama akanitazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko kile cha wazee kinachotoka kifuani kidogo kidogo, na mimi nikashikwa nacho, tukacheka mpaka akahitaji leso. Halafu alikuwa analia, na sikujifanya sijaona. Nikakaa karibu naye nikaishika ile mikono yake iliyopinda. Nikamwambia, "Bado nimekasirika."

"Una haki," akasema.

"Lakini ukoko nauweza sasa."

"Unauweza kuliko mimi."

Pai mbili, hazina kasoro. Mama akala ukoko uliobaki kwenye sinia. Hakusema "bado."

Jumatano, 27 Novemba

Theluji nzito. Duane amepata paa dume, na inatubidi sote tuitazame picha. Pai ziko barazani kwenye baridi, zimefunikwa, na nimewakataza watu wote kuzigusa, pamoja na mbwa.

Alhamisi, 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani

Tulikuwa kumi na wanne. Gordon akatoa bata mzinga, amekauka kidogo kifuani kama kila mwaka na sote tukasema anaonekana laini. Viazi, maharage, sosi ya Duane. Jeli ya kijani ikazunguka meza nzima ikarudi ilikotoka bila jeraha. Pai zangu mbili zilikuwa juu ya kabati, na pembeni yake ile ya akiba kwenye sanduku lake la dukani.

Gordon akasafisha koo. Akaunyoosha mkono, akakiondoa kidude cha chumvi mbele yangu. "Samahani shemeji, usalama kwanza." Wakacheka. Nikamtazama Mama aliyekaa kushoto kwangu. Hakucheka. Nikatambua kwamba hajawahi kucheka. Miaka thelathini na sita nilikuwa natazama wanaocheka tu.

Kwetu hatuli kabla ya kila mtu kutaja jambo moja analoshukuru, kuanzia kwa Arlene na kuzunguka. Duane akashukuru kwa paa. Ikafika zamu yangu. Niseme ukweli, nilikuwa na hotuba. Niliifanyia mazoezi ndani ya gari, fupi, kali, yenye neno kopo mara tatu. Nikahisi mkono wa Mama umeushika ukingo wa meza.

"Nashukuru kwa Jumapili sita jikoni kwa Mama," nikasema. Nikaishia hapo, na nikaona kwamba ilikuwa kweli tupu na haikunibakizia kitu mdomoni.

Ikawa zamu ya Mama. Badala ya kusema akiwa amekaa, akasimama, na kwake kusimama ni safari. Duane akanyanyuka kumsaidia. Akamzuia.

"Mimi nashukuru kwa Marlys," akasema, "ambaye anajua jambo langu tangu wiki mbili na nusu zilizopita na hakulisema, hata sasa hivi lilipokuwa mdomoni mwake. Mwaka ule wa pai, chumvi niliitia mimi kwenye kopo la sukari. Nilisahau. Kisha niliimwaga nikatia sukari ili msijue. Yeye hakukosea kitu chochote. Mmemcheka mtu asiye na kosa, na mimi niliwaacha."

Akakaa.

"Lakini Mama," Duane akasema, "mimi nililionja lile kopo."

"Ulionja baada yangu, mwanangu."

Duane akanigeukia. Ndoa ya miaka thelathini na minane, na sijawahi kumwona na uso ule. "Nilikukatalia mbele ya watu," akasema. Nikamwambia ale, viazi vinapoa. Sikuweza kusema zaidi bila kulia, na nililia baadaye bafuni, kilio kizuri, nikanawa uso.

Gordon alikuwa bado amekishika kidude cha chumvi. Akakitazama. Akazunguka meza nzima taratibu na tumbo lake lile, akakirudisha mbele yangu. Halafu akapata wazo jingine, akakichukua kile kingine kilichokuwa mbele ya Mama na kukipeleka mpaka kwenye dirisha. "Samahani, Mama," akasema. Mama ndiye aliyecheka wa kwanza.

Pai zikaisha, vipande vyote kumi na sita, na Arlene akakwangua sinia kwa ule uma wake. Ile ya akiba haikufunguliwa. Duane aliosha vyombo vyote, hata sufuria ya mchuzi, na hakumruhusu mtu aingie jikoni.

Wakati wa kahawa Arlene akafungua mkoba, akatoa daftari lake la orodha. Kila mwaka huandika ya mwaka ujao kabla kahawa haijapoa. "Marlys," akasema akiandika, "pai ya boga." Akatua. Akamtazama mama yake juu ya miwani. "Mama: skonzi."

"Za dukani?" Mama akauliza.

"Kwenye mabano," Arlene akasema, akaandika.

Jumapili, 1 Desemba

Mama alinipigia simu asubuhi kabla ya kanisa. Hajawahi kununua skonzi maishani mwake, akasema, hajui hata zinawekwa rafu gani, na hataki kuaibika mwakani. Kwa hiyo baada ya ibada nimempeleka dukani, ameushika mkono wangu, theluji imesukumwa pembeni ya njia. Nikamwonyesha zile za mfuko wa njano zinazoonekana nzuri lakini hukauka kabla ya sala kwisha, na zile za rafu ya chini ambazo watu huzipita tu. Nikamfundisha kuzibonyeza kwa kidole gumba kupitia mfuko na kungoja zinyanyuke.

Akabonyeza moja. Tukangoja.

"Bado," nikamwambia. "Jaribu mfuko mwingine."